Barua ya Wazi kwa Wabunge na Maseneta wa Kericho na Bomet: Hundi Iliyoghushiwa na Kifungo cha Maisha

Waheshimiwa wabunge wa majimbo 11 ya Kericho na Bomet, waheshimiwa maseneta wetu wawili, na waheshimiwa wawakilishi wa wanawake wa kaunti zetu,

Nawaandikieni juu ya jambo ambalo ni nadra kutajwa majukwaani, kwa kuwa halina shangwe ya barabara wala ya umeme, ilhali linazila taratibu akiba za watu wadogo katika nchi yetu ya chai, kutoka Ainamoi na Belgut hadi Konoin na Chepalungu. Nalo ni adhabu ambayo sheria ya Kenya imeiweka juu ya mtu anayebadili maandishi ya hundi, na jinsi ukali wa adhabu hiyo ulivyogeuka kuwa ngao ya mkosaji na mzigo wa aliyekosewa. Nawaombeni mwipunguze adhabu hiyo, na nawasihi mnisome mpaka mwisho kabla ya kudhani kwamba nawatetea wezi, maana anayenihuzunisha mimi ni yule aliyeibiwa.

Huenda mmoja wenu akasema kwamba zama za hundi zimekwisha, kwa sababu tangu M-Pesa ilipokuja mwaka 2007 fedha za Wakenya hupita katika simu, na mkulima wa majani chai hupokea malipo yake ya mwezi na bonasi yake ya Oktoba kwa njia ya benki au chama cha akiba na mikopo pasipo kuigusa karatasi. Hayo ni kweli kwa fedha ya mtu mmoja. Lakini fedha ya watu wengi, yaani ya kikundi cha akina mama wanaonunuliana matangi ya maji, ya kamati ya josho, ya mradi wa maji ya mfereji, ya kanisa linaloezekwa na ya shule inayojenga darasa, ingali ikitoka benki kwa hundi, na sababu yake ni ya hekima: hundi hudai sahihi mbili au tatu, na simu hudai kidole cha mtu mmoja. Watu wetu hawaipendi hundi kwa ukale wake. Wameishika kwa kuwa ndiyo iliyowapa njia ya kulindana.

Na hapo hapo penye ulinzi ndipo hila hupenya. Watia sahihi wa kikundi huwa ni mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mwenyekiti yuko shambani anachuna, au yuko kwenye kituo cha kununulia majani akingoja mzani, na benki iko Litein, au Bomet mjini, au Kericho, safari ya nauli na ya siku nzima. Basi ili kazi isisimame, mwenyekiti na katibu hutia sahihi hundi tupu kadhaa kwa mara moja, wakamwachia mweka hazina azijaze kadiri haja zitakavyotokea. Au huandikwa hundi ya shilingi 6,000 ya kumlipa fundi, ikaachwa nafasi mbele na nyuma ya tarakimu, na mkono mmoja ukaongeza sifuri. Na kwa kuwa hundi zetu huandikwa kwa Kiingereza, neno lenye maana ya sita hutaka herufi mbili tu ili liwe sitini, na saba hali kadhalika, na nane hutaka herufi moja. Wanachama hawatambui mpaka wakati wa hesabu, na aghalabu hesabu hungoja bonasi, maana huo ndio wakati ambao kila mtu anayo sababu ya kuuliza fedha ziko wapi. Mweka hazina naye, akibanwa, hatakana kwa muda mrefu. Atasema kwamba aliazima tu, kwamba mtoto alirudishwa nyumbani kwa karo, kwamba alikusudia kurejesha bonasi itakapotoka. Mara nyingine husema kweli.

Sasa tazameni sheria inamsubiri na nini. Kanuni ya Adhabu, ambayo ni Sura ya 63 ya Sheria za Kenya, inasema katika kifungu cha 345 kwamba kughushi ni kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya. Na kifungu cha 347 kinaeleza kwamba mwenye kutengeneza hati ya uongo ni yule anayeizua hati nzima, na pia yule anayeibadili hati ya kweli bila idhini kwa namna inayogeuza maana yake na nguvu yake, na yule anayetia ndani yake, wakati inapoandikwa, jambo ambalo hakuruhusiwa kulitia. Ikawa mtu aliyeongeza sifuri na mtu aliyeijaza hundi tupu kinyume cha alivyoagizwa wamesimama mahali pamoja. Kifungu cha 348 kinamfungia mlango wa udhuru, kwa kuwa kinaihesabu nia ya kulaghai kuwa imethibiti madhali yuko mtu awezaye kudhulumiwa kwa hati hiyo, wala haimfai kitu mshtakiwa kusema kwamba alifanya mipango ya kuzuia hasara, au kwamba alidhani anayo haki katika fedha zile. Kisha kifungu cha 350 kinatamka adhabu, kikiitaja hundi katika safu moja na wasia, hati ya milki ya ardhi, kumbukumbu za mahakama na noti za benki, kikasema kwamba mwenye kughushi mojawapo ya hivyo anastahili kifungo cha maisha. Na aliyeipeleka hundi hiyo benki akijua kuwa ni ya uongo, kifungu cha 353 kinampa adhabu ya namna ile ile.

Kifungo cha maisha, waheshimiwa, kwa sifuri moja.

Pimeni adhabu hiyo na zile zilizo jirani yake katika kitabu kile kile. Mwenye kuiba kwa wizi wa kawaida kikomo chake ni miaka 3. Mwenye kujipatia mali kwa hila za uongo, miaka 3. Karani au mtumishi anayemwibia bwana wake, miaka 7. Mwenye kufuta au kubadili ile mistari miwili ya msalaba inayoamuru hundi ilipwe katika akaunti tu, miaka 7. Mwenye kutoa hundi ya kweli akijua akaunti haina fedha, kifungu cha 316A kinampa faini isiyozidi shilingi 50,000 au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Tukitoka katika kitabu hicho tukaingia katika sheria ya mwaka 2003 ya kupambana na ufisadi na jinai za uchumi, tutaona kwamba kiongozi aliyefuja mamilioni ya umma kikomo chake ni miaka 10 gerezani na faini ya shilingi 1,000,000, pamoja na faini nyingine ya lazima iliyo maradufu ya faida aliyoipata au hasara aliyoisababisha. Na tangu mwaka 2009 benki zetu hazipitishiani hundi ya zaidi ya shilingi 1,000,000. Kwa hiyo karatasi ambayo haiwezi kubeba zaidi ya milioni moja kutoka benki hadi benki imewekewa adhabu iliyo kubwa kuliko ile ya mtu aliyeila hazina ya kaunti nzima. Nimejaribu kuitafutia hali hii insafu, na sikuipata.

Asili yake inajulikana. Kanuni ya Adhabu ilianza kutumika nchini tarehe 1 Agosti 1930, ikichukua mahali pa Sheria ya Adhabu ya Bara Hindi ya mwaka 1860, ambayo Waingereza walikuwa wameileta katika himaya yao ya Afrika Mashariki tangu mwaka 1897, na ambayo nayo iliruhusu adhabu ya maisha kwa mwenye kughushi hati ya thamani. Ni adhabu iliyotungwa kwa ajili ya maofisi ya wafanya biashara na mabenki ya dola, katika miaka ile ile ambayo Brooke Bond na James Finlay walikuwa wakifungua mashamba yao makubwa katika nchi ya Wakipsigis, kwa hati ambazo mwenye nchi hakuzitia sahihi wala hakuweza kuzisoma. Silitaji hilo ili kufukua kidonda kilicho na mabaraza yake. Nalitaja kwa kuwa mtu wa huku ana sababu ya kuihofu karatasi, na sheria iliyo juu ya karatasi, akiiona ni kubwa kupita kiasi, huiepuka badala ya kuikimbilia.

Na ndivyo anavyofanya. Hila ikigunduliwa kikundini, shauri la kwanza huwa ni kwenda polisi, na shauri la pili, ambalo hushinda, huwa ni kuuliza: tukimpeleka, atafungwa miaka mingapi? Likishatamkwa neno maisha, kikao hunyamaza. Mkosaji ni mke wa mtu, au ni mwana wa jirani, ana watoto katika shule ile ile ambayo watoto wa wanachama wanasoma, na shamba lake limepakana na mashamba yao; ni nani atakayebeba lawama ya kumzika mtu akiwa hai kwa ajili ya shilingi 54,000 zilizozidi? Basi jambo hupelekwa kwa wazee wa kokwet, yaani baraza la kijiji, na wazee, ambao hekima yao ya kusuluhisha naistahi kwa dhati, humtoza ng'ombe, au humwahidisha kulipa kwa bonasi mbili. Akilipa, ni heri. Asipolipa, hakuna wa kumshurutisha, kwa maana hakuna maandishi, wala hukumu, wala daftari. Naye mwaka wa tatu huonekana katika kikundi kingine, ng'ambo ya pili ya mto, ameshika kijitabu kingine cha hundi, na watu wa huko hawajui lolote.

Tena kuna jambo baya zaidi ambalo wazee wetu hawalijui. Kwa kuwa kughushi hundi ni jinai ya daraja la juu, Kanuni ya Adhabu inamhesabu kuwa mkosaji yule anayekubali mali au manufaa kwa mapatano ya kuificha jinai ya namna hiyo au kutoishitaki. Maana yake ni kwamba mwenyekiti aliyempokea ng'ombe kwa sharti la kunyamaza amejiweka yeye mwenyewe hatarini, na wazee walioshuhudia wako karibu naye. Na wakitaka kuifuata njia iliyo wazi, wakaenda katika mahakama ya Kericho, ya Bomet au ya Sotik wakamwomba hakimu asimamie suluhu, watakuta kwamba kifungu cha 176 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kinachompa hakimu idhini ya kuhimiza upatanisho na malipo ya fidia, kinahusu shambulio la kawaida na makosa mengine ya kibinafsi yasiyofikia daraja hilo. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 159, imeamuru mahakama zikuze upatanisho na njia za jadi za kutatua migogoro, na Idara ya Mahakama ikatoa mwaka 2020 sera yake ya mifumo mbadala ya haki. Lakini sera haivunji kifungu cha sheria, na kifungu kimesimama. Hivyo aliyedhulumiwa amewekewa milango miwili: mmoja unamtaka amtoe jirani yake kwa kifungo cha maisha, na wa pili unamtia yeye mwenyewe hatiani. Si ajabu kwamba wengi hukaa kimya, wakaandika hasara.

Yamepata kutokea hayo katika nchi iliyotuletea sheria hii, na yaliyoipata yanafaa kuwa hoja mbele yenu. Katika Uingereza ya karne ya 18 mwenye kughushi alinyongwa. Kasisi William Dodd, mtu mashuhuri kwa hotuba zake, alighushi mwaka 1777 hati ya pauni 4,200 kwa jina la Lord Chesterfield aliyekuwa mwanafunzi wake. Fedha zilirudishwa sehemu kubwa, na maelfu ya watu wakatia sahihi maombi ya kumtaka mfalme amsamehe, lakini akanyongwa. Ikawa kadiri miaka ilivyokwenda watu waliodhulumiwa walikataa kushitaki, mashahidi walikataa kusema, na wazee wa baraza la hukumu walimwachilia mtu ambaye hatia yake imeonekana wazi kama jua, kwa kuwa hawakutaka damu yake iwe juu yao. Mwaka 1830 wenye mabenki wenyewe, ambao ndio walioibiwa na ambao mtu angedhani wangeililia kamba izidi kukazwa, walipeleka maombi yao Bungeni wakitaka adhabu ya kifo iondolewe katika kosa la kughushi, kwa sababu iliyo nyepesi kuieleza: ukali wake ulikuwa unawanyima hukumu. Miaka 2 baadaye kifo kiliondolewa kwa aina nyingi za kughushi, na kufikia 1837 kiliondolewa kwa zote. Wale waliokuwa na fedha nyingi za kulinda ndio waliokuja kutambua kwamba adhabu ndogo inayotekelezwa huwalinda zaidi.

Najua jibu nitakalopewa na wanasheria walio miongoni mwenu. Watasema kwamba kifungo cha maisha katika kifungu cha 350 ni kikomo tu, kwamba kifungu cha 26 kinamruhusu hakimu kutoa kifungo kifupi au faini badala yake, na kwamba si desturi ya mahakama kumfunga mtu maisha kwa hundi ya kikundi. Wanasema kweli, na tangu mwaka 2008 iko pia njia ya mapatano ya kukiri kosa baina ya mshtakiwa na mwendesha mashtaka, ambayo yaweza kubeba fidia ndani yake. Lakini hekima ya hakimu huanza kufanya kazi baada ya kesi kufika mbele yake, na mimi nasema juu ya kesi zisizofika. Mama wa Kapkatet anayekalia mkeka katika kikao cha kikundi hasomi kifungu cha 26. Anasikia neno lililo kubwa kuliko yote, na kwa neno hilo anaamua. Aidha, daraja la kosa ndilo linalokifunga kifungu cha 176, na hakuna huruma ya hakimu iwezayo kulishusha daraja hilo.

Watakuwako pia watakaosema kwamba hundi ni amana ya biashara yote, na kwamba mtu anayeigusa amemgusa kila mwenye akaunti. Hoja hiyo ina uzito, na pwani yetu iliijua kabla ya bara: wafanya biashara wa Unguja na Mombasa walikuwa wakiandikiana hundi za kulipwa Bombay, bahari ikiwa baina yao, na waraka ulipokewa kwa sababu jina lililo chini yake liliaminiwa. Siombi amana hiyo idharauliwe. Karani wa benki anayewauzia matapeli nakala za sahihi za wateja, wakala anayebadili hundi ya mjane, mtumishi wa umma anayefuta jina la mwanafunzi katika hundi ya basari akaandika jina la mtoto wake, hao wafungwe vifungo virefu, na sitasimama kuwaombea. Lakini sheria iliyopo haiwatofautishi hao na mweka hazina wa akina mama ishirini, na kutofautisha ndiyo kazi ya sheria.

Wala kikundi kisidhani kwamba benki itakirudishia kila kitu. Mwaka 1918 Baraza la Malodi la Uingereza liliamua shauri la London Joint Stock Bank na kampuni ya Macmillan na Arthur, ambayo karani wake alimpelekea mkuu wa kampuni hundi ya pauni 2 atie sahihi, mahali pa maneno pakiwa patupu na tarakimu ikiwa imeachiwa uwazi kushoto na kulia. Sahihi ilipokwisha tiwa, karani alitia 1 mbele ya 2 na 0 nyuma yake, akajaza maneno, akachukua pauni 120. Iliamuliwa kwamba hasara ni ya mteja, kwa kuwa mwenye kuandika hundi ana wajibu wa kuiandika kwa uangalifu usiomrahisishia mwovu kazi, na fikra hiyo imeenea katika mahakama zilizorithi sheria ya Kiingereza. Basi kikundi kilichotia sahihi hundi tupu kinaweza kukosa fidia ya benki, na wa kukirudishia fedha akabaki kuwa yule yule aliyezichukua. Naye akikaa gerezani maisha yake, atalipa kwa chai ipi?

Kwa hayo nawaombeni, waheshimiwa, mmoja wenu alete mswada wa kukirekebisha kifungu cha 350. Hundi itolewe katika safu ya wasia na hati za ardhi, iwekewe kifungu chake, na kikomo cha adhabu yake kwa mtu wa kawaida kiwe miaka 7, kama ilivyo kwa aliyebadili ile mistari ya msalaba; na kwa mtumishi wa benki, wakili, au yeyote aliyeghushi hundi ya fedha za umma, basari ikiwa ni ya kwanza kati ya hizo, kikomo kiwe miaka 14. Mkosaji alazimishwe kulipa, juu ya adhabu yake, fidia iliyo maradufu ya fedha alizozichukua, kama sheria ya ufisadi inavyotoza, ila fidia hii iende kwa walioibiwa wala isiishie katika hazina ya serikali. Na kwa kosa la kwanza, katika hundi ya kikundi isiyozidi kiasi ambacho Bunge litaona chafaa, hakimu aruhusiwe kusimamia suluhu inayoandikwa, wazee wa kokwet wakiwa mashahidi wake, yenye tarehe za malipo na yenye hukumu inayomngoja mkosaji akivunja ahadi, na yenye sharti kwamba hatashika tena kijitabu cha hundi cha kikundi chochote kwa miaka itakayotajwa. Ofisi za maendeleo ya jamii zinazosajili vikundi zipewe nakala ya amri hiyo, ili watu wa ng'ambo ya mto nao wajue.

Mswada huo hauhitaji ushuru mpya wala hauongezi ofisi, na vyama vyote vyaweza kuukubali. Nyinyi mmetumwa Nairobi na watu ambao fedha zao hutoka katika majani mawili na chipukizi, zikahesabiwa kilo kwa kilo kituoni, zikawekwa pamoja kwa kuaminiana. Nawaomba mkisome kifungu cha 350 kwa macho yao, kisha mtujibu hadharani, kabla ya bonasi ijayo, ni yupi kati yenu atakayeuandika mswada na lini utasomwa kwa mara ya kwanza.

Wenu katika kuitakia heri nchi yetu,

Mkulima mdogo wa chai, Bureti